Mdhamini wa Tatu

Gando, 9 Januari 2025

Kwa mjukuu wangu Khairat, hapo Tibirinzi kwa ami yako Haroub.

Assalaam aleikum, mke mwenzangu. Miye mzima, magoti tu ndo yana maneno yao. Wote huku wazima isipokuwa jogoo wa jirani yetu Yumna, huyo kaliwa, na mwenyewe bado anauliza nani. Weye hujambo? Unakula? Haroub namjua hana choyo, lakini mkewe huchemsha maji akayaita mchuzi.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mwalimu Ummkulthum wa kisomo cha watu wazima kasema nimeshafuzu, sasa niandike kila wiki nisije nikasahau kama walivyosahau wenzangu. Basi mwenye kuteseka ni weye. Kwenye simu nakusikia "ndiyo bibi, ndiyo bibi" na huku unafanya mambo yako. Karatasi haina "ndiyo bibi". Othman wa mikate akishamaliza kugawa huku hurudi Chake na kapu tupu, atatuchukulia. Nishamwambia akiipoteza mikate yake hainunui mtu Gando nzima.

Sasa nijibu. Umeondoka hapa mfunguo sita, mwezi wa Maulidi, kwenda kutafuta kazi. Leo Rajabu. Kazi gani hiyo inayotafutwa hivyo? Imejificha wapi katika Chake nzima? Sindano nimeshapoteza mchangani nikaipata kwa siku moja.

Bibi yako,
Bimkubwa

---

Tibirinzi, 13 Januari 2025

Bibi yangu mpenzi,

Waaleikum salaam, shikamoo. Mimi mzima alhamdulillahi, ami na wa kwake wazima, wanakusalimu. Magoti yako yapake yale mafuta niliyokuachia, usiyafiche kabatini ukasema yanasubiri mgeni.

Bibi, kazi haijajificha. Inaniona, inanipita. Nimepeleka maombi kila mahali na hakuna anayejibu hata "hapana". Wiki iliyopita nimehudhuria mafunzo ya vijana waliomaliza vyuo. Mkufunzi akausoma wasifu wangu mbele ya watu, kisha akautia chini ya wa mwenzangu, akauliza, "Kuna tofauti gani?" Haikuwepo. Sote tulichapa steshenari moja, na yule kijana wa pale ana maneno yake ameshayatayarisha, anabadilisha jina tu: mchapakazi, mwaminifu, ana uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu.

Akatwambia kila mtu ni mchapakazi kwenye karatasi. Andika ulichokifanya kwa mikono yako, nini kilibadilika kwa sababu yako, na nani atathibitisha. Kisha uyalenge yale wanayoyataka wao, na kurasa zisizidi mbili.

Basi nimeandika upya. Kuna mradi hapa Chake unatafuta afisa wa vikundi vya wakulima wa mwani. Bibi, hiyo kazi ni mimi mtupu. Ile miaka miwili niliyokaa na kikundi chenu cha mwani baada ya chuo, nimeiweka juu kabisa. Wadhamini wanataka watatu. Wa kwanza mwalimu wangu wa chuo, wa pili mkuu wa pale nilipofanya mazoezi ya kazi. Wa tatu ni wewe, kwa sababu wewe ndiye mwenyekiti wa kikundi na hakuna mwengine aliyeniona nikifanya kazi ile. Watakupigia simu.

Nakuletea nakala uisome.

Mjukuu wako, mke mwenzio,
Khairat

---

Gando, 17 Januari 2025

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mafuta nimeyapaka, yananuka kama duka la Mhindi.

Karatasi yako nimeisoma tangu baada ya adhuhuri mpaka alasiri, kidole chini ya mstari. Khairat, huoni haya? "Niliongoza." "Nilianzisha." "Nilifanikisha." Nani kakutoa kwenye ulezi wangu akakufunza kusema na watu hivyo? Mtu mzuri husemwa na watu, hajisemi. Hata muuza samaki anayepita na ndoo hamsifii changu wake kama hivi, na changu keshakufa, hakuna jicho la hasidi la kumpata. Weye u hai.

Halafu ya maana hukuyatia. Hukusema weye mtoto wa nani. Hukusema kwenu wapi ila jina la Gando, kama mtu anayeandika anwani ya duka. Watamjuaje mtu bila ya watu wake? Ungeanza na babu yako aliyechimba kisima cha msikiti, wangekaa kitako wakasikiliza.

Na hilo la mdhamini. Mdhamini nimjuaye miye ni yule anayekwenda kituoni kwa polisi kumtoa mtu. Lakini haidhuru, waache wapige. Mtu akija kuuliza habari za mtoto wangu najua kumjibu. Sikuanza jana. Niliwaoza wanangu wote miye.

Bibi yako

---

Tibirinzi, 21 Januari 2025

Bibi, shikamoo. Natumai mzima. Othman ananisubiri mlangoni, naandika haraka.

Nimeitwa kwenye usaili na nimefanya vizuri, namshukuru Mungu. Tumebaki wawili. Sasa wanawapigia wadhamini. Wakikupigia sema ukweli tu, uliyoyaona kwa macho yako. Babu na kisima chake tuwaache kwanza.

Niombee.

Khairat wako

---

Gando, 4 Februari 2025

Mjukuu wangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Hatujambo. Nina habari, na leo hata magoti hayasemi.

Wamepiga. Mwanamke, sauti laini, lafudhi ya Unguja. Akanisalimu vizuri, shikamoo mwenyekiti, hali gani na kazi za baharini. Nikaona huyu kafunzwa. Akasema, "Tunaye hapa binti anaitwa Khairat, tunataka kumchukua, tunaomba utwambie habari zake."

Nikakaa sawa. Nikamwambia, "Mwanangu, mumempata wapi huyo? Huyo hajui kitu. Mzito wa kuamka, mdomo mrefu, ukimtuma huku anakwenda kule. Kazi ya mwani alikuwa akituzungukia miguuni tu. Lakini kama nyie mumempenda, sisi hatuna la kuzuia. Mchukueni mkamfunze wenyewe, na mkimchoka msimtupe, mrudisheni kwao."

Akauliza, "Una hakika, Bi Mwenyekiti?" Nikasema hakika kabisa, namjua tangu anazaliwa, na mwalimu wake wa chuo akikwambieni vyengine ni hisani yake. Akasema ahsante. Nikamwona na yeye kaona haya, kama mwenye adabu anavyopaswa.

Nimekutengenezea njia vizuri. Sasa subiri wakuite.

Bibi yako

---

Tibirinzi, 7 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo. Sijui niandikeje.

Kazi wamempa yule mwengine. Leo nimekwenda kuuliza kwa nini. Yule dada mwenye sauti laini amenionea huruma, akaniambia, "Wadhamini wako wawili wamekusifu. Lakini yule aliyekaa nawe muda mrefu kuliko wote, mwenyekiti wa kikundi, hakupata neno jema hata moja la kukusemea." Akauliza kama tuna ugomvi. Hakujua kama wewe ni bibi yangu, na mimi sikuweza kumwambia. Ningemwambia nini?

Bibi, haikuwa posa. Hawakuja na mkoba wa tambuu. Hakuna pale aliyekuwa akikujaribu kwa adabu. Alikuwa na karatasi mbele yake, unachosema anakiandika. Ulisema hajui kitu, akaandika hajui kitu.

Nilikwambia useme ukweli.

Khairat

---

Gando, 9 Februari 2025

Khairat,

Salamu. Wazima.

Unanikasirikia miye? Kwetu mtoto hasifiwi mbele ya mgeni. Hilo hata paka wa nyumba hii analijua. Walipokuja kumposa mama yako nilisema hajui kuchemsha hata maji ya chai, na ndugu zangu wakaongeza yao, na wale wageni wakajibu kama wanavyojibu watu, "Sisi tunamtaka hivyo hivyo." Siku ileile neno likafungwa. Leo yuko Tanga na mumewe na hakurudishwa.

Yule mwanamke wako angekuwa na akili angesema na yeye, "Tunamtaka hivyo hivyo." Nilikuwa nangoja aseme. Badala yake kaandika. Mtu mzima anaandika kila anachoambiwa kama mtoto wa chuo cha Kurani. Na huyo ndo mwenye ofisi.

Ningesema nini? Niseme mjukuu wangu hana mfano, kwa mtu nisiyemjua uso wake, asiyejua hata kusema mashaallah? Halafu ukiugua niende kumlaumu nani?

Usichelewe kunijibu. Nakuandalia muhogo, Othman atakuletea.

Bibi yako

---

Gando, 26 Februari 2025

Khairat,

Muhogo umefika? Othman kasema kakutia mkononi na hukumpa barua. Mfungo huo unaingia. Watu hutakana radhi kabla ya kufunga. Miye nakutaka radhi, mstari wangu ndo huu. Weye mstari wako uko wapi?

Bibi

---

Gando, 2 Aprili 2025

Mwana weye,

Idd imekwisha. Nilipika pilau ya watu kumi na tuliokula wanne. Sahani yako niliifunika mpaka usiku wa Idd pili ndo nikampa Yumna, na akaila kwa kunitazama. Kila anayekuja kupeana mkono anauliza, Khairat yuwapi? Nikawajibu ana kazi. Sasa unanitia na uongo siku ya Idd.

Kama umekufa niambie nijue. Kama u hai, miye si mtu wa kuandikia barua ukuta.

Bibi yako, ukitaka usitake

---

Tibirinzi, 6 Aprili 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nisamehe kwa Idd. Nilitoka nje mpaka kwenye gari na nguo mpya nimeshavaa, nikarudi ndani. Niliona aibu kukuona na aibu kuonwa na akina mama wa kikundi, wote wangeniuliza kazi vipi.

Baada ya ile kazi kupotea niliomba nyengine, ghala la mazao ya bahari kule Wesha. Wewe nikakutoa kwenye wasifu, Bibi. Lakini nikikutoa wewe, na kikundi kinatoka, maana nani atathibitisha? Nikaifuta ile miaka miwili yote. Ukurasa ukabaki na chuo na mazoezi ya kazi tu, kisha pengo.

Wakaniita. Watu watatu mezani. Wa kwanza tu akaweka kidole palepale penye pengo, akauliza, "Miaka hii miwili ulikuwa wapi?" Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote ila hilo. Nikasema, "Nilikuwa nyumbani." Akauliza, "Ukifanya nini?" Nikasema, "Nikimsaidia bibi yangu." Wakatazamana. Usaili ukamalizika kabla ya chai yangu kupoa.

Sikukasirikii kwa ubaya, Bibi. Nimechoka. Nikikutia unaniharibia, nikikutoa sina kitu. Ami Haroub hasemi, lakini jana alitaja kwamba dukani kwa rafiki yake wanatafuta msichana wa kupanga kanga. Nadhani nitakwenda.

Mjukuu wako,
Khairat

---

Gando, 8 Aprili 2025

Nyumbani?

Ulikuwa nyumbani weye? Sikusalimu leo, utanisamehe, salamu zitakuja nikishamaliza kusema.

Nani aliyetutoa mchangani? Sisi tulikuwa tukianika mwani chini, mbuzi wanapita juu yake, mnunuzi anakuja anatia mkono gunia la kwanza, anatoa changarawe, anawasha gari anaondoka. Msimu mzima alitufanya hivyo. Weye ndo uliyekwenda kutwaa miti kwa watu, ukamtia Yumna adabu aliyekuwa akicheka, ukafunga chanja ya kwanza ya kuanikia juu peke yako na kamba za kuokota. Ilipokauka yako na yetu imeoza kwa mvua, tulikuja mmoja mmoja kuuliza, na hukumwambia mtu "nilikwambieni". Sasa mnunuzi yule anatupigia simu yeye kutuuliza lini mzigo uko tayari.

Nani aliyewapatanisha upande wa juu na upande wa chini wa kijiji, watu waliokuwa hawazikani? Shehe kashindwa, diwani kashindwa. Weye ulikwenda kukaa jikoni kwa kila mmoja, unakuna nazi zao, unasikiliza upuuzi wao, mpaka wakaona haya. Uliingia baharini na homa. Nilikutukana siku ile na hukurudi, ukasema kamba za mwani za mwenzetu Mwanakombo zitachukuliwa na maji na yeye kajifungua jana.

Hiyo ndo nyumbani? Basi kila mtu akae nyumbani namna hiyo.

Ukenda kupanga kanga za watu nitakuja mwenyewe Chake na magoti haya nikutoe dukani kwa sikio, na mwenye duka atazame.

Mungu akukinge na jicho langu na la kila mtu. Mashaallah, mashaallah, mashaallah. Hasira zimenisemesha.

Bibi yako

---

Tibirinzi, 11 Aprili 2025

Bibi,

Shikamoo. Natumai umetulia.

Barua yako nimeisoma barazani, nikaingia ndani nikaisoma tena. Bibi, haya ndiyo. Haya haya, kwa maneno haya haya. Tangu nianze kuandika huo wasifu nahangaika kutafuta namna ya kusema nilichokifanya, nikaishia "nilifanikisha". Mbuzi sikuwatia. Changarawe sikuzitia. Jana usiku nimeufuta mstari mmoja mmoja nikaandika upya: tulianika chini, mnunuzi akaukataa mzigo, nikafunga chanja ya kwanza, msimu uliofuata akaununua wote. Umekuwa mfupi kuliko ule wa kwanza, na ni wangu.

Wete kuna nafasi imetangazwa, mradi mwengine, vikundi vya kinamama wa mwani kaskazini yote. Mwisho wa kupokea maombi Alhamisi. Mdhamini wa tatu nimemwacha wazi.

Nakuuliza wewe. Wataanza palepale: mtu anakupigia, humjui, uso wake huuoni. Huna hasira ya kukusaidia. Utaweza?

Kama huwezi niambie, sitakulaumu. Kauthar niliyesoma naye atakubali nimtie yeye, ingawa hajui hata mwani una rangi gani.

Khairat wako

---

Gando, 12 Aprili 2025

Assalaam aleikum.

Mtoe huyo Kauthar. Nitie miye.

Bibi

---

Gando, 15 Mei 2025

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Assalaam aleikum warahmatullah. Miye mzima. Kikundi kizima kinakusalimu. Nakuandikia leo leo kabla Othman hajageuza, nisije nikalala nikayapamba.

Wamepiga asubuhi, tuko ufukweni tunageuza mwani. Mwanamme, jina lake Suhail, kijana kwa sauti. Nikatoka kwa wenzangu nikenda kukaa peke yangu penye magunia. Moyo ulikuwa ukinipiga kuliko siku ya arusi yangu, na siku ile mume sikumjua.

Akasema, "Bi Mwenyekiti, kabla ya yote, unahusiana vipi na Khairat? Nimeona jina la kijiji ni moja." Sikukwepa. Nikamwambia miye bibi yake mzaa mama. Nikasikia kalamu imesimama. Nikamwambia, "Ukiona bibi atakudanganya, waulize wenzangu, wako hapa wamelowa mpaka kiunoni, hawana udugu na yeye na wawili hawanipendi." Akacheka kidogo, akasema basi tuendelee.

Akauliza alifanya nini kwenye kikundi. Ulimi ukageuka wenyewe, Khairat. Wallahi nilishafungua mdomo na neno la mbele lilikuwa "hajui kitu". Nikalimeza. Lilikwenda chini kama mfupa. Nikaanza na mbuzi, nikamweleza mchanga, nikamweleza mnunuzi na gari lake. Nilipofika kwenye chanja sikuweza kukaa, nikasimama. Kila nikimaliza jambo moja nasema mashaallah, na kijana yule, Mungu amlipe, na yeye anasema mashaallah upande wa pili. Nikajua huyu ana mama.

Akauliza upungufu wako. Nikamwambia akikasirika si wa kwanza kunyosha mkono wa suluhu, huweza kukaa na njaa mlangoni kwa mtu na pilau iko ndani. Lakini kazi yake haigusi kwa hasira. Sikuona siku hata moja.

Nilidhani imekwisha. Kumbe swali alilibakisha. Akasema, "La mwisho, Bi Mwenyekiti. Khairat akitaka kurudi kufanya kazi na kikundi chenu, mtampokea?"

Nikawageukia wenzangu mpaka akasema haloo, haloo, akadhani mtandao umekatika. Walikuwa mbele yangu wanawake wanainama, chanja ya mwisho imelalia upande na hakuna aliyeifunga, Yumna na Mwanakombo washaanza tena kupeana mgongo. Nyumbani chumba chako sijampa mtu.

Nikamwambia, "Mwanangu, ningempokea leo kabla ya magharibi. Ndo maana nakwambieni mchukueni upesi. Mkikawia miye nitamwita arudi, na nikimwita huja."

Akacheka. Miye sikucheka.

Bibi yako